Bi Mnuno na Panya wa Milia

Kituoni, 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, uiseme kwa sauti na kwenye sikio la kulia, la kushoto najua limeshastaafu. Shemeji hajambo? Mwambie lile sanduku alilonitengenezea ndilo meza yangu, ndilo kabati, na Jumapili ndilo kiti cha mgeni. Wanao wabusu wote, hata yule anayekataa kubusiwa.

Mimi mzima. Chumba chetu ni kilekile, vitanda viwili vya chuma na dirisha lisilofunga vizuri, na mwenzangu ni yuleyule tunayemwita Chafya, ambaye akipitiwa tu na paka hupiga chafya mpaka macho yanavimba. Huku bondeni ananawiri kwa sababu hakuna paka. Hakuna pia simu inayoshika, na gari la vifaa, ambalo ndilo posta yetu, huja likijisikia.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nikitembea, mpaka Chafya akaniambia nikae kabla sijakanyaga mtego. Umeniandikia kurasa mbili za homa za watoto na mapazia mapya, halafu pale mwisho, kama mtu aliyekumbuka chumvi wakati chungu kimeshaepuliwa, ukasema: "Kuna kipanya kimehamia chini ya Bi Mnuno. Kinamla maua. Kina michirizi mgongoni utadhani kimechorwa kwa kalamu. Nakitafutia sumu."

Usikitafutie. Nakuomba kama ninavyoomba vitu vikubwa.

Kwanza nijibu. Kinatoka mchana? Michirizi ni minne, imenyooka kutoka shingoni hadi mkiani? Kikifika kwenye ua kinang'ata, au kinaingiza pua tu? Na wewe mwenyewe piga magoti, inua majani, nusa lile ua. Usicheke. Nusa, uniandikie linanukia nini.

Hawa wa milia ndio ninaoshinda nao huku kwa ajili ya tasnifu yangu, mwaka wa pili sasa. Nawapima, nawatia alama, nawaachia. Ni panya wa mchana, wana heshima zao, hawaingii nyumba za watu. Na Bi Mnuno amenisumbua akili tangu utotoni. Kichaka gani hiki, nilikuwa nikijiuliza nimekaa pale kona ya kitalu chenu na madaftari yangu ya shule, kinachotoa maua ya rangi ya chai iliyopoa, kikayaficha chini ya majani, tena yameinamia udongo? Ndege hawayaoni. Kipepeo hayafikii. Mama akasema kimenuna, akakipa jina, na wewe ukaanza kukisema kama mtu, amelala, ameamka, ana kiu, mpaka leo hujui kukisema vingine. Lakini ua halinuni, dada. Ua linamngoja mtu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza: je, kama anayengojwa ni mfupi?

Jibu upesi. Roho iko juu.

Mdogo wako


Kitaluni, 19 Machi

Bi Rula,

Marahaba. Mama amezipokea salamu kwa masikio yote mawili, maana nilipiga kelele hadi dobi wa nyuma ya ukuta naye akaitikia marahaba. Shemeji yako amefurahi kusikia sanduku limepanda cheo. Mwanangu mdogo anauliza kama mama mdogo anafuga panya au panya ndio wanamfuga, nikamwambia tusubiri matokeo ya mtihani.

Nimepiga magoti ulivyoagiza, mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuja kununua mche wa limau alidhani naomba dua, akasimama kimya kwa adabu mpaka nilipoinuka. Ua linanukia unga wa mkate uliochacha. Miaka yote hii nilidhani ni mbolea yangu. Moja nimelikandamiza ndani ya barua hii. Kipanya kinatoka mchana, ndiyo, saa ya chai, kama karani. Michirizi ni minne. Nilikaa juu ya ndoo nikakitazama. Haking'ati. Kinatia uso mzima ndani ya ua, kinatoka, kinajifuta, kinaenda kwenye lingine. Kwa hiyo wizi wake ni wa kulamba. Bado ni wizi.

Njia yake iko chini ya ukuta. Unakumbuka dobi alipaka saruji pale chini mwaka nilioshika kitalu, maji yake ya sabuni yasiingie kwangu? Mvua za juzi zimeibomoa. Ng'ambo kwake kuna Bi Mnuno mwingine, mtoto wa huyu, Mama alimpa mke wa dobi zamani, na yule bwana anamwanikia soksi bila aibu.

Sasa habari ambayo sikuitaka kwenye barua. Mwenye kiwanja anajenga ghala. Mwisho wa Agosti tuwe tumeondoka. Miche yote iko kwenye makopo, itapanda mkokoteni, haina neno. Bi Mnuno hapandi mkokoteni. Mizizi yake imepita chini ya ukuta, ukimng'oa umemuua. Nimemkata matawi nikayapanda kwenye mchanga, kwenye kivuli, hata kwenye maji, yote yamekauka. Na mbegu hana. Mama anasema zamani alikuwa akizaa, vitunda kama vifungo vya koti, miche ikigawiwa majirani. Mimi tangu nianze kumwagilia hapa sijaona hata kimoja. Nilimwambia Mama huyu sasa ni tasa, akaninunia siku nzima. Na yule wa dobi naye atafyekwa, ghala linachukua pande zote mbili.

Akiondoka huyu ndiyo basi, ameisha. Haya ni maua yake ya mwisho, na sitaki pua ya kipanya ndani yake.

Sumu bado sijaweka. Profesa wako amekubali lile pendekezo lako la tasnifu? Hujasema.

Dada yako


Kituoni, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na poleni na habari ya kiwanja. Mstari ule nimeusoma mara moja nikaukunja, kwa sababu nikikaa nao nitalia, na leo sina nafasi ya kulia. Mama mmeshamwambia, au mnaongea upande wa sikio la kushoto? Huku tumeishiwa sukari na Chafya ananiangalia kama mimi ndiye niliyeila. Ndiye mimi.

Soma hii polepole, ukiwa umekaa.

Bi Mnuno alikuwa akizaa. Dobi akapaka saruji. Bi Mnuno hakuzaa tena. Wewe ulishika kitalu mwaka huohuo, ndiyo maana tangu uanze kumwagilia hujaona kitunda, ukadhani ni mkono wako. Si mkono wako, ni saruji! Ilizuia maji ya sabuni, ikamzuia na msafiri mmoja aliyekuwa akipita pale kila siku na hakuna aliyemtia maanani. Vichaka vingine haviwezi kujizalisha vyenyewe, vinataka chavua, ule unga wa njano, kutoka kwa mwenzao. Mwenzake yuko ng'ambo, chini ya soksi. Nyuki hayafuati maua yale. Nani basi aliyekuwa akiubeba ule unga kutoka kwa dobi kuja kwako?

Ua lako lilifika bapa lakini zima. Nimelilowesha, likafunguka. Nikachukua rula, ndiyo, cheka, nikapima kutoka mdomoni mwa ua hadi pale penye utamu. Halafu nikapima uso wa panya, kutoka ncha ya pua hadi katikati ya masikio. Sikuamini. Nikamchukua panya mmoja mzee, mpole, nikamvisha ua lenyewe. Lilimkaa usoni kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake. Pua ikafika kwenye utamu, na chavua ikamwangukia juu ya paji la uso, mahali ambapo panya akijifuta mkono haufiki vizuri. Nilipiga ukelele. Chafya alidhani nimeng'atwa.

Watu wakisikia unataka kulinganisha panya na kichaka, wanacheka. Mmoja ana damu, mwingine ana utomvu. Mmoja hatulii, mwingine hajasogea tangu aote. Wanauliza wanafanana wapi. Lakini muulize shemeji. Seremala akisema mlango na fremu vinalingana, hasemi vinafanana. Anasema kimoja kimechongwa kwa ajili ya kingine. Hivyo ndivyo ninavyotaka kulinganisha mimi. Nimelitafuta neno hili mwaka mzima, kumbe lilikuwa karakanani kwa mumeo.

Nina maombi mawili. La kwanza ni jepesi: tundu la ukutani usilizibe. La pili najua ni zito. Nusu ya matawi ya Bi Mnuno, upande wowote, yafunike kwa wavu wa waya ambao nyuki anapita lakini panya hapiti. Nusu nyingine iache wazi. Akizaa upande wa wazi tu, tutakuwa tumejua. Bila wavu, hata akizaa, mtu yeyote ataniambia ni upepo, ni nyuki, ni bahati.

Najua ni maua ya mwisho. Najua kila ua ni mbegu ambayo ungeweza kuondoka nayo. Fikiria tu.

Profesa anakusalimu.

Mdogo wako


Kitaluni, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama hajambo, ameambiwa, amesema kiwanja ni cha mwenyewe, kisha akaenda kukaa kwa Bi Mnuno hadi jua likamfukuza.

Nimefikiria. Hapana. Miaka yote hiyo hajazaa, leo kuna dalili, na wewe unaniambia nimfunge nusu ya tumbo ili upate cha kuandika. Mwenyewe umesema kila ua ni mbegu. Ungekuwa hapa ukamwona alivyobeba maua mwaka huu, usingethubutu. Shemeji yako amesoma barua yako akasema mlango na fremu, mlango na fremu, kutwa nzima, nimemwambia ale huko karakanani.

Sumu sijaweka na siweki. Tundu sijaziba. Mengine kuhusu panya usiniulize.

Profesa ananisalimu? Hanijui mimi. Amekubali pendekezo au hakukubali?

Dada yako


Kituoni, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nina habari moja ya afya: Chafya amepiga chafya vibaya. Alikuwa mzima kabisa kitandani kwake. Mimi nikafungua bahasha yako. Ya kwanza, ya pili, ya tano, macho yakavimba, nikaogopa. Halafu nikaishika bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Pale kwenye gundi, dada yangu, kuna unyoya mwekundu.

Umeleta paka.

Hukuweka sumu, kweli, hukusema uongo hata neno moja. Umemleta paka na kunikataza nisiulize. Ni wa nani? Wa fundi cherehani, yule mnene aliyekuwa akilala kwenye vitambaa? Paka mmoja anamaliza ukoo mzima wa panya kabla maua hayajakauka. Umelala na jambo hili usiku? Mimi sijalala.

Mrudishe. Hilo tu ndilo ninaloomba sasa, na la wavu nalifuta. Nilikuwa nimesimama mbali na nimeona swali langu tu. Wewe unasimama mbele yake kila asubuhi. Yaache maua yote wazi, tundu wazi, paka kwao. Mbegu zikipatikana, nitafurahi bila kujua kwa nini zimepatikana. Nitajaribu.

Mama mwambie nampenda. Gari la vifaa limeharibika gia, sijui barua hii itaondoka lini, lakini naiweka kisandukuni.

Mdogo wako


(Nyuma ya kibandiko cha mche wa limau)

12 Mei

Amezaa. Njoo uone. Sina muda wa kuandika.


Kituoni, 30 Mei

Nani?

Dada, shikamoo, nani? Gari limefufuka leo. Limechukua barua yangu ya Aprili, limeleta kibandiko chako, na kesho asubuhi linarudi, kwa hiyo barua zangu mbili utazipata pamoja, ya kulia na ya kuuliza. Hatujambo. Chafya amepiga chafya juu ya kibandiko, kwa hiyo paka bado yupo. Nani amezaa?

Mtu mwingine yeyote angeandika mche umezaa, kichaka kimezaa, mnyama amezaa, na mimi ningelala. Wewe umempa Bi Mnuno utu tangu utotoni. Kwa hiyo anaweza kuwa yeye, na hapo nimeketi sakafuni, siwezi kuinuka kwa furaha. Au ni paka, na hapo basi, maana paka mwenye watoto anawinda kwa ajili ya nyumba nzima. Au ni panya, ingawa panya wewe unamwita kipanya, ungesema kimezaa, labda kama siku hizi mnaheshimiana. Mama nimemwondoa kwenye orodha. Mke wa dobi bado namfikiria.

Chafya anasema nimekisoma kibandiko mpaka kimechakaa. Anasema pia, "Neno moja lenye viumbe watatu ndani, na wewe bado unatafuta kichwa cha tasnifu." Sikucheka. Baadaye nikacheka peke yangu bafuni. Wiki zote hizi ninapima nyuso na maua kwa rula, na lugha yetu ilishawaweka kwenye kitenzi kimoja: panya anazaa, mti unazaa. Hatusemi hivyo kwa ndege. Hatusemi kwa samaki. Wao wanataga.

Niandikie jina. Jina moja tu.

Mdogo wako


Kitaluni, 15 Juni

Bi Rula,

Marahaba. Nani? Wote.

Nianze na paka, kwa kuwa umemfukua. Ni kweli, nilimwazima kwa fundi cherehani. Ni yule mnene. Kumbe si unene. Alikaa siku chache akizunguka, akakikimbiza kipanya mara moja, akashindwa kupita tundu, halafu akapotea. Nikamkuta kwenye rundo la magunia ya mboji, ana watoto wanne wamemning'inia. Tangu siku hiyo hakutoka mle ndani ila kuja kula kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maziwa, mkunga wa paka, wakati panya wanapita mbele yangu mchana kweupe. Kwa dobi wanasema panya walikuwa wawili, mimi naona walikuwa zaidi. Nao wamezalia hukohuko kwa dobi, chini ya magunia ya sabuni. Mke wake amewaona, hajamwambia mumewe.

Sasa la wavu. Lile la kufuta limenifika limechelewa. Siku iliyofuata baada ya kukuandikia kwa hasira, nilimkuta shemeji yako amepiga magoti kwa Bi Mnuno na kipande cha wavu, anamkunja tawi kama anakunja msumari. Nikamnyang'anya koleo. Nikasema kama litafanywa, nitalifanya mimi, maana wewe utamvunja. Nikalifanya. Nilikuwa nalia, usimwambie mtu.

Nikwambie kwa nini. Nilikaa nikawaza: kama atazaa na sijui kwa nini, nitahama na mbegu, nitazipanda, zitaota, zitachanua, halafu miaka itapita nami nitakuwa nimesimama mbele ya tasa wengine, nikiulaumu mkono wangu. Sikutaka kuondoka na mbegu bila kujua siri yake.

Asubuhi zote nilikaa juu ya ndoo na chai yangu. Nyuki waliingia kwenye wavu na kutoka, wachache, lakini waliingia, niliwaona kwa macho yangu. Panya alifika, akaugusa wavu kwa mkono, akazunguka upande wa pili. Siku moja alitoka kwenye ua akanitazama. Paji la uso lote la njano, kama mtoto aliyechezea unga. Nilimwita shemeji yako, akaja, akatazama, akasema lile neno lake la mlango na fremu, na safari hii nikamwacha aseme.

Upande wa wavu hakuna kitunda hata kimoja. Maua yamenyauka na kuanguka. Upande wa wazi, njoo uvihesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuhesabu kwa furaha. Vifungo vya koti, vile vile alivyosema Mama. Mama amevipapasa kimoja kimoja, akaniuliza nani sasa ni tasa.

Sasa ni zamu yako. Mara mbili nimeuliza habari ya Profesa. Umenisalimia kwa niaba yake, basi. Sema.

Dada yako


Kituoni, 3 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti chumbani, nimesimama juu ya sanduku la shemeji, na Chafya amepiga makofi na chafya kwa pamoja.

Nasema. Profesa alikataa pendekezo langu, la panya na vichaka vya huku bondeni, mwezi wa pili, kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza. Alisema wagugunaji, yaani panya na jamaa zao, hulinganishwa na wagugunaji, vichaka na vichaka, na kwamba panya na kichaka ni mada ya hadithi za watoto. Akanipa msimu mmoja nitafute kichwa kingine, la sivyo nafasi yangu hapa anapewa mtu mwingine. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unajivunia kwa wateja. Na kila uliponiuliza, nilikuwa na panya mkononi ambaye alikuwa anamkanusha Profesa, lakini sina wa kunisikia.

Jana nimempelekea barua yako. Yote, hata ya koleo. Alikuwa kwenye chumba cha mizani akipanga chupa. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Aliuliza swali moja tu, kama nyuki kweli waliingia upande wa wavu, nikamwonyesha mstari wako. Akaufuata tena kwa kidole. Halafu akasema, "Na mwakani utarudia wapi, kile kichaka kikishafyekwa?"

Dada, hakusema "kama". Amesema "mwakani". Nilirudi chumbani mbio. Pendekezo linaingia upya wiki ijayo, na safari hii kichwa chake kina panya na kichaka kwenye sentensi moja.

Vuna vitunda vikishakuwa vya kahawia, kabla havijapasuka. Vikaushe kivulini, juu ya karatasi. Usimruhusu Mama avipapase tena.

Mdogo wako


Kitalu kipya, 6 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba ya mapema, najua utaanza na shikamoo. Hatujambo wote. Mama ana chumba chenye dirisha la kuangalia barabara na anajua magari yote ya mtaa kwa rangi. Watoto wamepata shule ya karibu. Shemeji yako ameshatengeneza meza za miche, ndefu, hazitikisiki. Paka na wanawe wamebaki kwa fundi cherehani, ambaye amekataa kuamini kwamba alimwazima mmoja.

Siku ya kumkata Bi Mnuno sikwenda. Dobi alikwenda, akaniletea kipande cha shina, kizito kama jiwe. Bi Mnuno wake naye amefyekwa siku hiyohiyo, ila mke wa dobi alikuwa ameshavuna vitunda vyake bila mtu kumwagiza, akanipa nusu. Kwa hiyo nina koo mbili.

Nilipanda kwenye trei, mchanga na mboji nusu kwa nusu. Wiki zikapita hakuna kitu, nikaanza tena kuutazama mkono wangu. Jana asubuhi naenda na kopo la maji, nikaona udongo umenyanyuka kidogo hapa, na pale. Nikaweka kopo chini. Wametoka, mdogo wangu. Trei nzima, wamejikunja shingo, hawajainua vichwa. Nilimwita Mama akaja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti changu cha kazi akakataa kuondoka hadi chakula cha mchana.

Nitawapanda chini mvua zikianza, ukoo mmoja upande huu wa uzio na mwingine upande ule, na uzio wenyewe nimemwambia fundi auinue kidogo kutoka ardhini. Miaka mitatu, Mama anasema, ndipo watachanua, kwa hiyo mwambie Profesa mwakani ni mapema mno.

Lakini hapa pote ni saruji, karakana za magari mbele na nyuma. Nimekaa juu ya ndoo asubuhi tano nikitazama, sijamwona hata mmoja wa milia. Wa kijivu wapo, wa jikoni, hao nawajua, hawafai. Nimemuuliza kila jirani, wananitazama vibaya, mwanamke mzima anayeulizia panya.

Kwa hiyo, maua yakikaribia, utaniletea wa kwako. Uombe ruhusa kwa Profesa, sitaki wa wizi. Shemeji yako ameanza kuchora sanduku la safari, lenye matundu ya hewa na sehemu ya kulala. Amekwama kwenye jambo moja, ananisumbua nikuulize leo hii: wakiwa njiani, wanakula nini?

Dada yako